Shajara ya mahema matano: kutoka cherehani ya Isiolo hadi Ziwa Paradise, Marsabit

Wiki ya 1, Jumamosi

Leo mkasi umeingia kitambaani. Nimekata mita 34 za turubai ya pamba, ile nzito ya rangi ya majani makavu, na sakafu yote ya karakana imefunikwa. Mradi wenyewe ni huu: mahema matano, nitakayoyashona mwenyewe hapa Isiolo, yawalaze vijana wanane wa mtaa wetu pamoja na mimi, usiku mbili, kando ya Ziwa Paradise juu ya mlima Marsabit. Tumepanga Agosti, shule zikifungwa.

Nimeshona maturubai ya malori kwa miaka kumi na sita, na mahema ya harusi na matanga yasiyohesabika. Hema la kulala sijawahi. Kukodisha tuliulizia, na bei pamoja na usafiri wa kuyaleta na kuyarudisha ilizidi gharama ya kitambaa. Basi nikasema, mikono ninayo.

Watu huniuliza kwa nini Marsabit, tena mbali hivyo. Vijana wa hapa wamezaliwa na kukulia kwenye barabara ya kwenda Moyale. Kila siku wanaona mabasi yakipita na jina la Marsabit limeandikwa kiooni, na wengi wanadhani ni vumbi tu hadi mwisho. Nataka waone kwamba katikati ya nchi kavu ile upo mlima wenye msitu mnene, na ndani ya msitu mna ziwa.

Vipimo: urefu mita 2.1, upana 1.4, kimo 1.2 katikati. Watu wawili kila hema, mimi peke yangu katika la tano pamoja na masanduku ya chakula.

Wiki ya 1, Jumapili

Mshono wa kukunja mara mbili kila mahali, sindano namba 18, uzi wa polista. Uzi wa pamba huvimba ukilowa na kuziba tundu la sindano, hilo ni jema, lakini huoza. Nimechagua polista, kisha nitapaka nta juu ya mishono.

Kijana anayenisaidia, wa kidato cha tatu, amejifunza kuwamba macho ya shaba pembeni, yale matundu ya kupitishia kamba. Amepiga 40 leo, mawili tu yameenda upande. Nimefurahi naye sana.

Wiki ya 3, Alhamisi

Wiki nzima iliyopita imepotea kwa sababu ya zipu. Nilinunua kumi kwa mpigo kwa muuzaji mmoja, na ya tatu ikakatika meno nikiwa bado naishona. Nimezijaribu zote: funga, fungua, mara hamsini kila moja. Nne zimefaulu. Nimeachana nazo zote. Milango itafungwa kwa kamba na vishikizo vya mti, kama mahema ya zamani. Kamba ikikatika usiku mtu hufunga fundo akaendelea kulala, zipu ikikatika mlango unabaki wazi hadi asubuhi.

Nguzo ni mabomba ya chuma ya nusu inchi, mawili kila hema, na kamba ya kati. Ni mazito, lakini tunakwenda kwa gari.

Wiki ya 4, Jumapili

Kupaka nta. Sehemu tatu za mishumaa kwa sehemu moja ya nta ya nyuki, nimeziyeyusha ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo motoni moja kwa moja, nta hushika moto. Unapaka kwa brashi, halafu unapiga pasi ili nta iingie ndani ya uzi. Pasi ya makaa ndiyo nzuri kwa kazi hii kwa sababu joto lake ni la polepole. Ilichukua siku mbili na karakana nzima inanukia asali.

Jioni tulisimamisha hema la kwanza uani na kulimwagia madumu mawili ya maji, lita 40. Kijana alikuwa ndani na tochi. Alitoka amekauka kabisa, akacheka, akasema, "Mama Fundi, hata tone!" Nililala usiku ule nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha.

Wiki ya 5, Jumatatu

Haijaisha.

Tulilipeleka hema hilo shambani kwa dada yangu upande wa Timau, juu ya mita 2,000, ili lionje baridi. Tulilala ndani mimi na mpwa wangu wa kike. Usiku ulikuwa mweupe, nyota tupu, hakukunyesha. Alfajiri nikahisi kitu baridi kwenye paji la uso. Paa lote la ndani lilikuwa limelowa. Blanketi lilikuwa na unyevu, na mpwa wangu alikuwa amejikunja kama paka.

Wazo la kwanza lilikuwa mshono umevuja. Nikapitisha kidole kwenye mishono yote: mikavu kuliko sehemu nyingine! Maji yalikuwa katikati ya kitambaa, matone madogo madogo, upande wa ndani. Nikachukua taulo kavu niliyokuwa nimeipima kwenye mizani ya jikoni ya dada, nikalifuta paa lote, nikaipima tena. Imeongezeka gramu 310.

Hiyo ni pumzi yetu. Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi usiku kucha, zaidi ya kikombe, na watu wawili wakilala pamoja maji hayo lazima yaende mahali. Turubai ya pamba ikiwa tupu hupitisha mvuke. Mimi nilikuwa nimeifunga kwa nta, kila kitundu, na mvuke ulipofika kwenye kitambaa kilichopoa kwa baridi ukageuka matone. Hema lilitoa jasho kwa sababu mimi mwenyewe nililiziba pumzi.

Nimekaa na jambo hili njia nzima ya kurudi. Turubai ya lori hulinda magunia, na magunia ya saruji hayapumui. Nilishona hema la binadamu kwa akili ya lori.

Wiki ya 5, Ijumaa

Uamuzi: hatutupi kitu. Turubai zenye nta zitakuwa paa la nje. Ndani yake litaning'inia hema jingine la amerikani, ile nyeupe ya kawaida isiyotiwa chochote. Kati ya vitambaa viwili iachwe nafasi ya vidole vinne pande zote, visigusane hata upepo ukivuma. Mvuke utapita kwenye amerikani, ukutane na turubai baridi, ugeuke maji huko, uteremke kwa nje ya kitambaa cha ndani hadi chini.

Pia nimekata tundu la ukubwa wa sahani juu kabisa ya kila upande wa paa la nje, nikalishonea kofia ya kuzuia mvua. Hewa moto hupanda, lazima ipate pa kutokea. Kijana alinung'unika kidogo nilipotia mkasi kwenye turubai aliyoipaka nta siku mbili. Nilimwonyesha ile taulo, tukaendelea.

Amerikani: mita 45. Ni nyepesi, sindano namba 14 inatosha, mishono ya kawaida.

Wiki ya 6, Jumapili

Tumerudi Timau, hema lile lile, watu wale wale, baridi ile ile. Taulo imeongezeka gramu 40. Upande wa chini wa turubai ulikuwa umejaa matone, kama nilivyotarajia, na amerikani ilikuwa na unyevu kidogo tu kwenye pembe moja ambako vitambaa vilikuwa vimegusana. Kamba ya pembe ile ilikuwa fupi. Nimezirefusha zote.

Mahema manne yaliyobaki yanafuata mtindo huu. Kazi ya kurudia haina la kueleza, nitashona tu.

Wiki ya 7, Jumatano

Leo nilikwenda kwa Mzee jirani yetu, Mborana, aliyechunga ng'ombe pande zile za Marsabit ujanani. Nilitaka anieleze mahali penyewe. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, tukakaa kivulini kwa muda wa saa tatu.

Akanieleza majina. Gof ni lile shimo kubwa linalobaki mlima wa moto ukishalipuka, na Marsabit inayo mengi. Ziwa Paradise limo ndani ya Gof Sokorte Guda. Guda ni kubwa. Karibu na mji ipo Gof Sokorte Diqa, diqa ni ndogo, nako pana kijiziwa na loji kando yake. Wamarekani wawili wapiga picha, Martin na Osa Johnson, walijenga na kukaa pale ziwani kuanzia 1924 hadi 1927 wakipiga filamu za wanyama. Kisa hicho cha Wamarekani nilikuwa ninakijua. Mzee alinieleza kitu nisichokijua: miaka ya ukame mkali ziwa hukauka, na mtu akatembea mahali palipokuwa na maji.

Tena akamtaja Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya pekee mwaka 1970, askari wakamfuata hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake iko uani mwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na lango kuu la hifadhi pale Marsabit linaitwa kwa jina lake.

Nikamuuliza kuhusu mvua ya Agosti. Akasema, "Mwanangu, kule mvua hutoka kwenye miti." Nilidhani ni namna ya kusema tu, kwamba msitu una baridi. Nimeandika maneno yake kama yalivyo.

Wiki ya 8, Jumamosi

Maandalizi. Pale ziwani ni uwanja wa nyasi tu: hakuna bomba, hakuna ua, hakuna choo cha maji. Nafasi tumeiomba kwa KWS, shirika la wanyamapori, na tumelipa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na askari mmoja atalala nasi. Kuni hazikusanywi ndani ya hifadhi, kwa hiyo tunabeba mtungi wa gesi wa kilo 6 na meko mawili.

Maji ndiyo hesabu kubwa. Watu tisa, siku tatu, lita 5 kwa mtu kwa siku: lita 135. Madumu saba ya lita 20. Unga, maharagwe yaliyochemshwa na kukaushwa, vitunguu, majani ya chai, maziwa ya unga, tangawizi. Kila kijana sweta mbili na soksi nene. Mama mmoja alikataa kuamini kwamba Marsabit pana baridi, nikamwendea nyumbani kwake na sweta yangu mkononi.

Wiki ya 9, Ijumaa

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Daraja la Ewaso Nyiro pale Archer's Post, halafu Ololokwe ikasimama kushoto kwetu kama meza ya jiwe, halafu Sereolipi, Merille, Laisamis, Logologo. Lami tupu njia nzima. Joto lilikuwa kali, na vijana wakaanza kuniuliza sweta ni za nini.

Kupita Logologo barabara ikaanza kupanda. Wakati fulani, bila kona yoyote ya pekee, miti ilianza kushikana. Kijana aliyekaa dirishani aliushusha mkono wake uliokuwa nje, akavaa sweta bila kusema neno. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Tuliingia kwa lango la Ahmed. Njia ya ndani ni ya udongo mwekundu, na juu yake matawi yamefungana. Kwenye matawi zimening'inia ndevu ndefu za rangi ya kijani iliyofifia, zinatikisika hata pasipo upepo. Hakuna aliyezungumza. Gari lilipofika ukingoni mwa gof tukalisimamisha. Chini yetu kulikuwa na bakuli kubwa la msitu, ziwa limelala katikati, nyati kama thelathini wakinywa upande wa mbali. Msichana mdogo kuliko wote, mwenye miaka kumi na mitatu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Fundi, hii nayo ni Kenya yetu?" Nilimjibu ndiyo.

Kupiga kambi: upepo ulikuwa unapita uwanjani, nikaamua mahema matatu yawe chini ya miti mikubwa ukingoni mwa uwanja, na mawili yabaki wazi kwa kukosa nafasi. Askari aliniambia, "Mama, pale chini ya miti patawalowesha." Nikaangalia anga, buluu safi. Nikadhani ni tahadhari ya matawi kuanguka. Nilichunguza, nikaona matawi mazima, nikaacha.

Wiki ya 9, Jumamosi, alfajiri

Naandika kwa tochi. Ukungu uliingia saa nne usiku kutoka kila upande, ukashuka ndani ya gof kama maziwa yakimiminwa. Saa tano nikaanza kusikia mvua juu ya hema langu. Nikatoka nje kuwahimiza vijana wa uwanjani wakaze kamba, na huko uwanjani hakukuwa na mvua. Ukungu tu, mzito, uso unalowa, lakini hakuna tone linaloanguka. Nikarudi hatua kumi chini ya miti: mvua. Nikaenda, nikarudi, mara tatu, kama mtu aliyepoteza kitu.

Miti ilikuwa inaukamua ukungu. Zile ndevu zote, majani yote, kila kimoja kinashika vitone visivyoonekana mpaka vinakuwa tone zima, halafu linadondoka. Nikakumbuka maneno ya Mzee. Alikuwa ananieleza kitu alichokiona kwa macho.

Mahema yamehimili. Nikayazungukia yote matano kwa taa: amerikani kavu, isipokuwa hema moja la chini ya mti ambalo kofia ya tundu imepinduka, maji yakaingia kama kikombe. Vijana wale wawili nimewahamishia kwangu.

Kisha ndovu. Karibu saa tisa usiku askari alizima taa, akatuashiria tukae kimya. Hatukuona chochote. Tulisikia matawi yakivunjika, halafu maji yakivutwa, halafu mngurumo wa chini sana unaosikika kifuani kabla ya kufika masikioni. Kiangazi wao hupanda kutoka nyandani kuja msituni huku, mvua ikinyesha wanashuka tena. Ilidumu nusu saa. Yule msichana alinishika mkono kwa nguvu, na kucha zake zimeacha alama. Asubuhi tumekuta nyayo mita themanini hivi kutoka kwa hema la mwisho.

Wiki ya 9, Jumamosi, jioni

Ukungu ulikaa hadi saa nne asubuhi. Tumeyahamisha mahema yote uwanjani, mbali na njia ya ndovu aliyotuonyesha askari. Nimemwomba radhi kwa kutomsikiliza jana, akasema wageni wengi hufanya hivyo hivyo.

Leo usiku nitapima. Sufuria mbili za ukubwa mmoja, moja chini ya mti, moja katikati ya uwanja, zote zikae kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi.

Mchana askari alitupeleka kutembea ukingoni na kutueleza maji ya mji wa Marsabit yanakotoka: chemchemi za Bakuli, ndani ya msitu huu huu. Kijana mmoja akauliza swali ambalo ningetamani ningeliuliza mimi: mti ukikatwa, ukungu utapita tu? Askari akamwambia, utapita, uende zake.

Wiki ya 9, Jumapili

Matokeo, kwa kikombe cha kupimia dawa ya watoto. Sufuria ya uwanjani: mililita 15. Sufuria ya chini ya mti: mililita 140. Vijana walikusanyika kuangalia nikipima, na nilimimina polepole ili wote wahesabu pamoja. Tulikuwa tumebeba madumu saba ya maji kupanda mlima huu, na miti ilikuwa ikitengeneza ya kwake juu ya vichwa vyetu.

Taulo ya hema langu usiku wa pili, watu watatu ndani: gramu 60. Nimeridhika.

Tumeondoka saa sita. Takataka zote tumerudi nazo, hata maganda ya vitunguu.

Wiki ya 10, Jumanne

Mahema yote yamekaushwa uani siku mbili. Yaliyobaki kurekebishwa:

Kofia za matundu zinahitaji waya mwembamba kwenye pindo ili zisipinduke. Kumi, nimeshona tatu.

Macho ya shaba mawili yamechomoka, yale yale yaliyoenda upande wiki ya kwanza. Kijana ameyawamba upya bila kuambiwa.

Nta imepasuka kwenye mikunjo ya hema la tatu. Pasi tena.

Wiki ya 10, Alhamisi

Nimekwenda kwa Mzee na shajara hii. Nikamsomea hesabu za sufuria. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, halafu akauliza, "Ulikuwa mti gani?"

Sikuwa nimeandika. Nilipima sufuria, nikapima saa, nikapima taulo, mti sikuuliza hata jina. Mzee akasema haidondoshi sawa yote, na kwamba wao walipochunga walijua mti wa kulala chini yake na mti wa kutega chombo. Akaanza kuyataja majina kwa Kiborana, nami nikawa naandika nikimuuliza herufi. Baada ya manne akainua mkono. Akasema majina matupu hayatanisaidia, lazima niione miti yenyewe, na kwamba Agosti ijayo, Mungu akijalia, atakuja nasi anionyeshe.

Magoti yake hayawezi tena kuingia kwenye hema la kutambaa. Jioni hii nimekata kitambaa cha hema la sita: kimo mita 1.9, mlango mpana, mlango wa mtu kuingia akiwa amesimama.